Kilio cha Mara ya Pili

Garimoshi lilipoondoka Muhoroni, mama mmoja aliyeketi mbele yangu aliitambua redio kaseti iliyopakatwa na msichana aliyeketi kando yake. "Si ni wewe ulikuja matanga ya ndugu yangu Ouma, ukaniambia nilie tena unirekodi?"

"Kaseti ilikuwa imeisha, mama," alijibu msichana, aliyesema anaitwa Lornah na anasomea mawasiliano chuoni. "Mwalimu anataka sauti halisi. Nisipoipeleka leo, narudia mwaka."

"Halisi? Mara ya kwanza nilimlilia Ouma. Mara ya pili nililia nikiangalia hiyo taa yako nyekundu. Futa."

Behewa zima lilikuwa limenyamaza kwa adabu ya watu wanaosikiliza.

"Nikifuta nitabaki na nini, mama? Ile ya kwanza haikuingia."

"Basi mwambie mwalimu wako kilio cha Ouma kilikupita."

Tuliposimama Kisumu, mama alishika mkanda wa redio upande mmoja, Lornah akashika upande wa pili, wakashuka hivyo hivyo, hakuna aliyekubali kuachia, na kuelekea getini, kama ndugu wawili wanaosaidiana mzigo.