Mama Pisha na Lango la Mheshimiwa

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika Kikosi cha Zimamoto cha manispaa yetu, mingi kati ya hiyo akiwa nyuma ya usukani, mwenzetu tunayemwita Mama Pisha alistaafu rasmi jana, tarehe thelathini Juni. Alikabidhi funguo za gari, koti, kofia ngumu na buti. Buti alizirudisha zimepigwa kiwi. Mtunza stoo anasema tangu aanze kazi hajawahi kupokea buti za zimamoto zenye kiwi, na aliogopa kuziweka pamoja na zile zetu.

Nimeombwa niandike wasifu huu, usomwe hapa mtaani kwenye hafla ya kumuaga, kwa sababu nimekaa kiti cha kushoto cha gari lake kwa miaka kumi na tisa, nikiwa mshika mpira wa maji. Nimeagizwa niandike kwa heshima na nisizidishe utani. Kwenye heshima nitajitahidi.

Mama Pisha aliajiriwa kama mpokea simu. Wakati huo kituo hakikuwa na dereva mwanamke, na hakuna aliyedhani kinamhitaji. Siku moja dereva wa zamu alishikwa na tumbo, simu ya moto ikaingia, na aliyeipokea ndiye aliyeliendesha gari. Kumbe leseni ya magari makubwa alikuwa nayo mkobani tangu siku ya kwanza, maana marehemu baba yake alikuwa dereva wa malori na hakutaka ufundi wake uzikwe naye. Mkuu wa kituo alipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Mama mkwe wake alipopata habari alikuja kituoni amefura, akitaka kujua nani sasa atampikia mwanawe. Wakampandisha garini, wakamzungusha uwanjani mara moja. Alishuka akisema mwanawe ana mikono, apike mwenyewe. Shemeji yetu, ambaye ni mwalimu, anapika mpaka leo, tena anapika vizuri.

Lakini jina la Mama Pisha halikutoka kituoni. Lilitoka hapa hapa, mtaa wa nyuma ya soko, na mwanzo wake haukuwa mzuri. Katika mwaka wake wa pili wa udereva, nyumba ya fundi magodoro ilishika moto mchana kweupe. Gari lilifika mapema, limejaa maji, likakwama. Meza za nyanya upande huu, mapipa upande ule, katikati gari dogo limeegeshwa na mwenye nalo haonekani. Mama Pisha akarudi rivasi mpaka barabara kuu, huku moshi unapanda mbele ya macho yake. Familia iliokolewa na majirani, kwa ndoo na kwa mikono. Hakufa mtu, tunashukuru, ila nyumba iliteketea yote pamoja na karakana.

Kesho yake alivua sare akaenda kumpa pole fundi. Fundi hakumtukana, na ingekuwa nafuu kama angemtukana. Alimwambia tu, "Dada, gari mlikuwa nalo, na maji mlikuwa nayo. Njia ndiyo hamkuwa nayo." Maneno hayo yalimkaa moyoni, na tangu siku hiyo alikuwa na kazi mbili: kuendesha gari, na kuitafuta njia.

Gari la zimamoto lisipotembezwa, betri hulala. Kwa hiyo kila kituo hulizungusha gari lake uwanjani mara kwa mara. Mama Pisha aliomba ruhusa ya kulitembeza huku mtaani badala ya uwanjani, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, polepole, bila king'ora. Mkuu wa kituo hakuona ubaya, mafuta ni yale yale.

Mara ya kwanza watu walidhani kuna moto, wakaanza kutoa makochi na televisheni nje, na hivyo kuziba kabisa njia ambayo gari lilikuja kuipima. Mara ya pili uvumi ulienea kwamba tumekuja kubomoa vibanda. Mara ya tatu tukaulizwa tunampigia kampeni nani. Kufikia mara ya nne walishatuzoea, na hapo ndipo shughuli ilipoanza, kwa sababu mtu akishakuzoea hakuogopi, na asipokuogopa hasogezi meza.

Mama Pisha hakuwahi kumfokea mtu. Akikuta kitu njiani, anazima injini, anatoa sindano na uzi mkobani, anaanza kufuma. Basi. Hebu fikiria: gari jekundu limesimama mbele ya meza yako, wateja wanashindwa kupita, na ndani yake mama wa watu anafuma kwa raha zake kama yuko barazani kwake. Hakuna biashara inayostahimili jambo hilo. Muuza viatu mmoja, mbishi kwelikweli, alijaribu kushindana naye. Ile sweta ya kijani ya mkuu wa kituo, mikono yake yote miwili ilifumwa mbele ya meza ya huyo bwana. Mwishowe alisogea, na sasa ndiye anayewasogeza wenzake.

Wauza nyanya ndio waliompa jina. Wakimwona anaingia, wanapashana habari meza hadi meza: pisha, mama huyo, pisha. Baada ya miaka michache mtaa ukaunda kamati ya njia, mwenyekiti wake akiwa yule yule fundi magodoro, ambaye alikuwa amejenga upya. Kamati ikapiga mstari mweupe pande zote mbili, na ikakubaliwa kwamba meza, pipa wala pikipiki havivuki mstari. Mtaona umepinda kidogo karibu na kwa kinyozi. Kinyozi ndiye aliyetoa rangi, na mwenye rangi hakosi nafasi ya benchi.

Sasa tuje kwenye lango. Mheshimiwa diwani wetu yuko nasi leo. Nilimpelekea aya zinazofuata azisome kabla hazijachapwa, naye akasema zibaki kama zilivyo. Hilo peke yake linaonyesha ni mtu wa namna gani.

Mheshimiwa alichaguliwa kwa ahadi ya barabara, na barabara tuliiona. Vitofali vikatandikwa mtaa mzima. Wazazi wakaomba tuta pale watoto wanapovukia kwenda shule, maana pikipiki zilikuwa zinapita kama zimeibiwa. Tuta likajengwa. Na kama mwanasiasa yeyote aliyetimiza ahadi, Mheshimiwa alipenda watu wasisahau. Akajenga lango la zege mwanzoni mwa mtaa, lenye neno Karibuni, jina lake, na picha yake akitabasamu.

Mchoraji wa lango aliuliza urefu wa gari la zimamoto, akapewa, akaongeza nafasi kidogo juu. Watandikaji wa vitofali waliinyanyua barabara kiasi, kama inavyotakiwa. Wajenzi wa tuta waliliweka watoto wanapovukia, yaani chini ya lango. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa, na hakuna aliyepitisha gari. Mama Pisha aliomba apite kabla ya uzinduzi. Ofisi ya diwani ikamjibu kwamba rangi haijakauka, na kwamba asiwe na haraka, kwani siku yenyewe gari lake ndilo litakalopita la kwanza, Mheshimiwa akiwa ndani.

Basi Jumamosi ya uzinduzi ikafika. Bendi ipo, Meya yupo, umati umejaa mpaka juu ya mapaa. Mimi nilihamishiwa nyuma, Mheshimiwa akakaa kiti changu na suti yake nyeupe, akipunga mkono. Magurudumu ya mbele yakapanda tuta, na Mama Pisha akasimama. Ngazi iliyo juu ya gari ilikuwa inaelekea moja kwa moja kwenye neno Karibuni. Mheshimiwa akamwambia aendelee, watu wanasubiri. Akamjibu kwa adabu zote kwamba ngazi haipiti. Akaambiwa ajaribu tu. Hapo akazima injini, akafungua mkoba, akatoa sindano.

Bendi ilipiga wimbo ule ule mara tatu, kisha ikachoka. Mwishowe Mheshimiwa alishuka, akaangalia juu, akaona mwenyewe, na akaondoka kwa miguu bila kukata utepe. Sisi wa nyuma tulitazama chini.

Jumatatu Mama Pisha alipokea barua ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya manispaa, kwa kosa la kuifedhehesha mbele ya hadhara. Mzaha uliishia hapo. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu, na angeweza kufukuzwa na kukosa kiinua mgongo. Lango nalo lingebaki lilivyo, kwa sababu ofisi ilishatoa maelekezo kwamba zimamoto watumie njia ya nyuma. Njia ya nyuma inaishia mferejini, na mfereji hauna daraja. Wenzake tulimshauri aombe radhi yaishe. Alisema ataomba radhi kwa fedheha, lakini hatasema gari linapita wakati halipiti. Nilimwogopea sana siku zile, na yeye mwenyewe, ingawa hakusema, alikuwa anafuma na kufumua kitambaa kile kile.

Fundi magodoro hakungoja kuombwa. Alikuja kituoni na mwanzi mrefu, akausimamisha kando ya gari, akaukata usawa wa ngazi, akafunga kitambaa chekundu kwenye ncha. Siku ya kikao mtaa mzima ulifunga biashara. Wakaandamana kwenda manispaa huku mwanzi umesimama wima, wakipokezana, sharti likiwa moja tu, usiinamishwe. Walitaka madiwani wauone urefu wa gari kwa macho yao, kisha waombwe kwenda nao langoni.

Walipofika geti la manispaa, mwanzi ukagonga, ingawa kitako chake kilikuwa kinagusa ardhi. Juu ya geti lile, ambalo ndilo pekee, kulikuwa kumefungwa kibao kipya cha chuma chenye maandishi makubwa: Usalama Wako Ni Jukumu Letu. Watu wakakisoma kwa sauti. Kisha mama mmoja wa nyanya akaangua kicheko, na wauza nyanya wakianza kucheka hawazuiliki. Walinzi wakawaambia waulaze huo mwanzi waingie. Fundi akawajibu kwa upole kwamba gari la zimamoto halilazwi.

Madiwani walikuwa ghorofa ya tatu, wamejipanga madirishani. Waliutazama mwanzi, wakaitazama ngazi yao moja nyembamba ya kushukia, na kila mmoja akajiona yeye yuko juu na gari liko nje ya geti. Sijawahi kuona viongozi wakielewa jambo haraka namna ile. Kwa kuwa mwanzi haukuingia, kikao kilishuka, na kesi ya Mama Pisha ikasikilizwa pale pale getini.

Na hapa nampa Mheshimiwa haki yake. Mwingine angejifanya hayupo. Yeye alisimama chini ya kibao, akasema kwamba Jumamosi ile alirudi nyumbani akiamini dereva amemuaibisha, lakini aibu ya lango ni afadhali kuliko aibu ya msiba. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba kesi ifutwe. Na yeye ndiye aliyetoa hoja kwamba katika manispaa hii, lango, kibao wala tuta havitazinduliwa mpaka gari lenyewe la zimamoto lipite kwanza. Ikapita kwa kura zote. Watu walitaka kumbeba Mama Pisha juu juu mpaka sokoni, akakataa kwa sababu alikuwa na zamu.

Lango likapandishwa. Sasa jina la Mheshimiwa liko juu kiasi kwamba ukitaka kulisoma lazima ushike kofia isidondoke, na watoto hubishana kama ile picha ni yake au ni ya Meya. Katika uchaguzi uliofuata alishinda kwa kura nyingi kuliko mwanzo, kwa hiyo yaelekea picha haikuwa na kazi.

Mwaka jana, nyaya za umeme zilishika moto kwa kinyozi. Tulipita chini ya lango, juu ya tuta, katikati ya mistari miwili, na hakuna hata kigoda kilichotuzuia. Tulimkuta mteja amenyolewa upande mmoja, ameshika ndoo. Moto ulikuwa umekula pazia na kiti. Chumba kinachofuata ni karakana ya fundi magodoro, imejaa sponji mpaka darini, na cheche haikufika. Tulipomaliza, fundi alikuja dirishani kwa dereva, akashika mlango wa gari. "Leo njia mlikuwa nayo," alisema. Mama Pisha alilia. Nami nililia, na sitaki kuulizwa.

Wasifu huu ulikuwa uishie hapo. Lakini jana jioni, saa chache tu baada ya kukabidhi buti, mstaafu wetu alipita kuona maandalizi. Kamati ya njia, kwa mapenzi makubwa waliyonayo kwake, ilikuwa imesimamisha turubai kubwa kabisa, na nguzo zake mbili zilikuwa zimevuka mstari mweupe.  Mama Pisha alivuta kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya njia, akakaa, akafungua mkoba. Mwenyekiti alipoona sindano zinatoka, aliwaita vijana wote wa mtaa mara moja. Ndiyo maana leo turubai limebanwa ukutani, na ninyi wa upande wa kulia mnapigwa na jua. Msiwalaumu waandaaji.

Mama yetu, tunakushukuru kwa kila Jumamosi uliyotusumbua. Nenda ukapumzike, ufume mpaka uchoke, ule mapishi ya shemeji, na wajukuu wakusikilize kuliko tulivyokusikiliza sisi. Afya njema, mama, na miaka mingi ya amani.

Wageni waalikwa, leo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Saa nne gari litapita, likiendeshwa na binti ambaye Mama Pisha mwenyewe alimfundisha. Mkisikia injini, tafadhali simameni na msogeze viti. Mama Pisha amekwisha kutuambia kwamba wa kwanza kusogeza chake atakuwa yeye.