Suruali Ndefu ya Mzee Shimba

Ijumaa, tarehe 30 Juni 1995, Mzee Shimba Malimi atafunga chumba cha dobi cha Hoteli ya Mwambani kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minane ya kazi. Wengi wetu hatuijui hoteli hii bila harufu ya mkaa wa pasi yake.

Aliajiriwa mwaka 1957, hoteli ikiwa bado klabu ya Wazungu. Alikuwa na mke na watoto wawili, lakini cheo chake kilikuwa boi, yaani mvulana. Sare ya boi ilikuwa kaptula. Suruali ndefu ilikuwa ya bwana. Yeye alitoka nyumbani Mabatini na suruali, akabadili nyuma ya mawe ya ufukweni, kwa sababu mama mkwe wake aliuza samaki njia hiyo hiyo na ilikuwa aibu mkwe kuona magoti yake. Mkewe, Bi Ng'washi, anasema alijua tangu mwanzo, maana suruali ilirudi jioni haina hata mkunjo.

Husimulia pia, na hapa huwa hacheki sana, kwamba wake wa Wazungu walivua na kuvaa nguo mbele yake huku yeye akitandika kitanda. Kwao hapakuwa na mwanamume chumbani. Lakini wakikutana naye barabarani, akiwa na suruali yake, walivuka upande wa pili.

Kufua na kutandika zilikuwa kazi za wanaume watupu. Wanawake wa Kiafrika hawakuajiriwa, eti wangeleta uhuni. Selina na Teodora, wanawake wa kwanza, walipoingia mwaka 1974, yeye ndiye aliyewafundisha kupiga pasi. Meneja wa wakati ule alipotangaza kwamba kazi hizo ni za kike kwa asili, Mzee Shimba aliweka pasi chini akauliza, "Basi mimi miaka yote hii nilikuwa nani?"

Machi 1994, hoteli ikiwa imeshauzwa kwa mwekezaji, meneja mpya alileta kaptula za kaki kwa wafanyakazi wa kiume, ili watalii waonje enzi zile. Asiyevaa aondoke. Mzee Shimba alikuwa amekaribia kabisa kiinua mgongo chake, nasi tukamsihi avae tu, yapite. Alizifua zote, akazipiga pasi zikasimama zenyewe, akazipeleka ofisini.

"Sare za wanafunzi ziko tayari," alisema. "Wanafunzi wenyewe sijawaona."

Meneja alicheka. Ndipo Mzee akamweleza habari ya mawe, ya mama mkwe, na ya vyumba vile.

"Nina wajukuu, mwanangu. Kama ni kunifukuza, nifukuze kama mtu mzima."

Jumatatu iliyofuata fundi cherehani alikuja kutupima suruali. Kaptula zilipunguzwa, zikapewa shule ya msingi, na hadi leo ukipita Mabatini asubuhi utawaona watoto wakikimbia na mstari wa pasi ya Mzee Shimba.

Asante, Mzee wetu, kwa mashuka meupe na kwa siku ile. Zawadi yetu ni kitambaa cha suti; wa kwanza kuchanga alikuwa meneja, ambaye siku hizi hakupiti bila shikamoo. Pumzika vema na Bi Ng'washi. Tunakuombea miaka mingi ya kutoka nyumbani na suruali yako, na kupita mbele ya yeyote ukiwa umeivaa.