Upendra Baroi, Fundi Aliyeandika Chini ya Betri

Marehemu Upendra Baroi, baba yetu, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Februari 1955 katika kijiji hiki cha Kolabunia, kusini mwa Bangladesh. Alikuwa mtoto wa tatu wa Jogesh Baroi, mkulima wa mpunga, na mkewe Bimola.

Alisoma shule ya misheni hapa kijijini hadi darasa la nane. Vita vya mwaka 1971 viliikimbiza familia ng'ambo ya mpaka. Huko katika kambi ya wakimbizi alijifunza kutengeneza redio kwa kutazama tu mikono ya wengine, na waliporudi hakurejea darasani.

Tarehe 12 Januari 1979 alifunga ndoa na Shefali Halder katika kanisa hili. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1999 aliajiriwa na shirika lililofunga umeme wa jua vijijini. Kwa baiskeli na mtumbwi, alifunga paneli kwenye nyumba 1,140. Ya kwake ilisubiri miaka minne. Tunamkumbuka Mama akimwambia, samaki wakiungua kikaangoni, "Baba Mallika, kata nzima unaimulika, mimi nakaanga kwa koroboi! Nihamie kwa jirani?" Alimfungia taa tarehe 3 Machi 2003.

Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kutia tindikali, betri ikiwa bado kavu, aliigeuza na kuandika chini yake kwa ncha ya msumari: jina la mwenye nyumba na tarehe. Jirani yetu, Mama Kiron, alimtania, "Kaka Upen, huko chini nani atasoma? Mchwa?" Baba akajibu, "Siku ikipinduliwa itajisemea."

Betri zilipochoka, kamati ya jengo la kujikingia kimbunga ilizikusanya, ikisema zinapelekwa Khulna kuyeyushwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bw. Sukumar Boiragi, mzee wa kanisa hili, ambaye leo ameketi safu ya pili. Mashua iliyozibeba ilikuwa yake. Betri ya kwetu nayo ilichukuliwa.

Mwaka 2011 jengo hilo lilipata betri ishirini "mpya" za taa za ngazini na za vyumbani. Baba aliitwa azifunge. Alipozipima, hazikushika chaji. Akamwaga tindikali ya moja, akaipindua, akasoma mwandiko wake mwenyewe: Mama Kiron, 6 Aprili 2004. Akapindua nyingine, na nyingine. Waliozipaka rangi walipaka ubavu na juu, wakabandika karatasi mpya. Hakuna aliyefikiria kutazama chini, kwa sababu betri yenye tindikali haipinduliwi.

Alikataa kutia sahihi kwamba betri ni mpya. Kikao kiliitwa hapa hapa kanisani. Bw. Boiragi akauliza, "Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Basi ndugu zangu, mnahitaji shahidi gani tena? Mwizi wa betri mpya ameacha mwandiko wake."

Watu walicheka. Baba alifukuzwa kazi, akatengwa na Meza ya Bwana. Fundi mwingine aliletwa kutoka mjini, akazifunga betri zile zile. Wageni wakaja, jengo likasifiwa kuwa mfano wa nishati safi, na picha ya Bw. Boiragi akikata utepe ikatundikwa mlangoni. Ingali pale.

Mei 2013 kimbunga kilikuja asubuhi. Watu mia sita waliingia jengoni, madirisha ya chuma yakafungwa kwa ajili ya upepo, na ndani pakategemea taa. Taa ziliwaka dakika ishirini. Katika giza na msukumano wa ngazini, mama yetu alianguka. Alifariki siku ya nne.

Betri zilitupwa nyuma ya jengo. Baba alizibeba moja moja kwa baiskeli, akazisafisha, akazipanga chini ya kitanda chake. Kisha akaenda nyumba kwa nyumba, kwa wote ambao majina yao yaliandikwa, na kila mmoja akakiri kwamba alimkabidhi Bw. Boiragi betri yake kwa mkono wake. Mara tisa aliomba kikao kingine. Mara tisa aliambiwa yamepita.

Aligundulika ana ugonjwa wa figo mwaka 2021, akatibiwa Khulna. Desemba iliyopita Bw. Boiragi alikuja kumjulia hali. "Kaka Upen, tusameheane, tumezeeka."

"Nitakusamehe ukisoma."

"Nisome nini?"

"Unajua. Kunywa chai, inapoa."

Hakuinywa. Baba alifariki nyumbani Jumatano tarehe 8 Januari 2025, saa nne asubuhi, akiwa bado na jina la mwizi katika kitabu cha kanisa hili.

Ameacha watoto watatu, Mallika, Prodip na Ruma, wajukuu watano, dada yake, Sandhya, na betri ishirini.

Kwa wosia wake, betri hizo zimepangwa leo zikiwa zimepinduliwa, mwandiko juu, kumi kila upande wa njia itokayo makaburini. Kila moja imebebwa na mwenyewe au mwanawe. Ya Mama Kiron ameileta Kiron. Pande nyingine zote ni mabwawa ya kufugia kamba, hivyo njia ya kutokea ni hiyo moja.

Familia inamshukuru Bw. Boiragi kwa shada la maua. Tunamwomba asiliweke kaburini. Aliweke juu ya betri ya mwisho, mkono wa kulia, akiisha kuisoma kwa sauti ya kutufikia sote. Imeandikwa: Shefali, 3 Machi 2003. Hakuna atakayeondoka kabla yake.

Baba na apumzike kwa amani. Leo tunamwombea hivyo yeye peke yake.