Kapteni Pembe na Mgomba wa Misikhu

Kuna benchi moja Kitale, mbele ya duka la redio na televisheni la Umesh, ambalo halijawahi kukosa mtu mzima wala uongo. Umesh huweka televisheni kubwa dirishani, nyuma ya kioo, ili wapita njia waitamani. Sauti huizima, ati inamsumbua akiongea na wateja. Basi mabingwa wetu wa benchi wametazama katuni nzima ya watu wa anga, wenye chombo kinachoruka kati ya nyota na fimbo zinazotema moto, bila kusikia hata neno moja. Usicheke. Majina waliwapa wenyewe: nahodha mwenye kofia ya pembe ni Kapteni Pembe, na msichana anayeshika usukani ni Dereva. Siku hiyo kituo kilikuwa kinarudia kile kipande kilichogawanya benchi. Nyota nyeusi inataka kuwafungia ndani, Kapteni Pembe anatoka nje ya chombo, anauzuia mlango wa nyota kwa fimbo mpaka wenzake wapite, halafu mlango unafungwa yeye akiwa amebaki ng'ambo.

Aliyekitazama kwa moyo mzito kuliko wote ni Wanjala, fundi wa kutengeneza mizani za wauza mahindi. Kitinda mimba wake, Ian, alikuwa amepata kazi kwenye meli ya mizigo. Meli ilizama mbali huko, wengine wakaokolewa, Ian hakuonekana, si mzima si maiti. Nyumbani Misikhu, Nasimiyu, mama yake Ian, na wazee wa ukoo walitaka wafanye vile wanavyofanya mtu asipopatikana: shina la mgomba livikwe nguo zake, lilazwe kaburini, watu walie, wanyolewe, roho zitulie. Lakini neno la kuanza hutoka kwa baba, na Wanjala neno hilo alilikalia. Tangu Krismasi hakuwa amekanyaga Misikhu. Pale benchini kila mtu alijua, na kila mtu aliogopa kulitaja. Walibishana kuhusu Kapteni.

— Huyo hajakufa, alianza Spika, dalali wa mahindi ambaye sauti yake hufika kabla yake. Hiyo nyota imemmeza tu, bana. Kumezwa si kufa. Si ng'ombe humeza nyasi asubuhi, jioni anairudisha kwa mdomo? Nyota itamcheua.

— Kwani nyota iko na tumbo? aliuliza Mwihaki, mama wa kahawa, huku akimmiminia.

— Iko na nne. Ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Na hiyo methali imeingilia wapi?

— Imeingia kwa mlango, kabla ifungwe.

Walicheka. Umesh naye alitoka dukani na kikombe chake mwenyewe, maana yeye kahawa ya kikombe cha Mwihaki huiita ya watu wengi.

— Nyinyi hamjui kitu, alisema. Huyu Kapteni amegeuka. Saa hii amezaliwa mahali ingine, mtoto kidogo, analilia maziwa.

— Na pembe je? aliuliza Spika.

— Pembe itamea polepole.

— Wanaume! Mwihaki aliguna. Huyo amepata bibi huko ndani. Malkia wa nyota. Ameoga, amekula, amewekwa kwa kiti, nyinyi mko hapa mnamhurumia bure.

Hata Wanjala alitabasamu. Maneno yale yalikuwa ya kipuuzi, na aliyahitaji kama mtu mwenye homa anavyohitaji blanketi. Alijua wenzake hawakuwa wanamwokoa Kapteni peke yake.

— Yuko upande ule mwingine, alisema taratibu. Mnasahau kitu moja. Mlango iko na pande mbili. Mtu akifungiwa huko si ati amekufa. Huko hakuna network, basi. Siku atapata network, atapiga.

Hakuna aliyemwambia kwamba Kapteni Pembe hana simu. Mwihaki alipangusa birika lililokuwa safi tayari. Umesh alitazama barabara, tuktuk zikipita na magunia ya mahindi.

— Kabisa, alisema Spika, akaona ni juu yake kuchangamsha mambo. Shida ni wale wenzake! Mtaona hapo mbele: Kapteni hata hajapoa, wamefungua kasha, wametupa koti yake nje. Ati wanapunguza mzigo! Lakini ndiyo dunia, bana. Asiyekuwepo na lake halipo.

Miaka yote Spika amekuwa akitupa methali ovyo, hii moja ikaenda ikatua pale pale palipokuwa na kidonda. Wanjala aliweka kikombe chini, nacho kikaanguka ubavu.

— Wanjala, ndugu yangu, mimi nilikuwa nasema juu ya katuni…

— Najua. Kunywa kahawa.

Ni hapo alipotokea Jentrix, binti yake mkubwa, leso begani na viatu vyekundu kwa vumbi. Alitoka Misikhu asubuhi. Aliwasalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, baba yake akiwa wa mwisho.

— Mulembe, Baba.

— Mulembe, mama. Keti. Mwihaki, mpatie kahawa.

Jentrix aliketi, macho yake yakafuata ya baba yake. Wote walitazama mahali pamoja tu, kwenye kioo. Mlango wa nyota ulikuwa umefungwa. Chomboni, Dereva alikuwa anafungua kasha refu. Alikunja koti la Kapteni, akaliweka ndani, akaweka na zile glavu juu yake.

— Umeona? alisema Spika kwa sauti ya chini. Wanapunguza mzigo.

— Mzigo gani? aliuliza Jentrix. Hao si wanazika?

— Wanazika nini na mtu hayuko?

— Wanazika koti. Angalia, wamesimama mstari, wamevua kofia. Nani huvua kofia akitupa mzigo?

Walitazama. Kasha lilitoka polepole likaelea gizani, na wale watu wa katuni walibaki wameinamisha vichwa. Dereva alipiga magoti, akafunika uso. Kipande hicho walikuwa wamekiona tena na tena, na kila mara walipofika hapo walikuwa wameshaanza kupiga kelele za nani amekufa na nani hajafa. Wanjala, mtu wa Misikhu, aliyewahi kuubeba mgomba wa binamu yake kwa mabega yake mwenyewe, hakuwa ameona kwamba yale ni mazishi. Aibu ilimshika, halafu uchungu.

— Mama yangu tulichoma, alisema Umesh, kama anayeongea na kikombe chake. Majivu tukapeleka mto Nzoia. Nilifikiri moyo itapasuka. Lakini nikikumbuka yeye, naenda pale mtoni, nakaa. Niko na mahali.

Jentrix aliangalia mikono yake.

— Baba, mama hajanituma nigombane na wewe. Ameniambia nikuulize kitu moja tu, nirudi na jibu.

— Uliza.

— Akitaka kumlilia Ian, aende alilie wapi?

Benchi lile lina jibu la kila kitu. Lina jibu la bei ya mbolea, la nani atashinda uchaguzi, la tumbo la nyota. Mwihaki aligeuka akajifuta macho kwa aproni.

— Anaenda kwa shamba, anarudi, alisema Jentrix. Anaingia kwa nyumba ya Ian, anatoka. Juzi nimemkuta amesimama barabarani, analia akiangalia magari. Watu wanapita, wanamuuliza kama amepotea.

Wanjala alilia. Hakuficha uso na hakusingizia vumbi. Alilia pale barabarani mchana, mtu mzima, kamasi na machozi, na wenzake wakamwacha alie. Spika alimshika bega. Kwenye kioo, matangazo ya sabuni yalikuwa yameanza.

— Mwihaki, alisema Wanjala baadaye, niongeze ile ya mwisho.

Mwihaki aliinamisha birika. Hakukutoka kitu.

— Imeisha, Mzee.

— Basi imeisha.

Aliinuka, akamkabidhi Spika sanduku lake la vifaa. Umesh aliingia dukani, akaizima televisheni, akaanza kuteremsha mlango wa chuma ingawa jua lilikuwa bado juu.

— Unafunga mapema? aliuliza Mwihaki.

— Nachukua gari. Mimi napeleka hawa Misikhu.

Wanjala alisimama akimngoja, mkono wake begani kwa binti yake.

— Ile migomba ya nyuma ya jikoni, alimwambia, si Ian ndiye aliipanda?

— Ndiye.

— Tutakata hapo. Na tumlaze hapo hapo, karibu na mlango ya jikoni, mama yako akipika awe anamuona.