Dawa Ndani ya Boksi la Buti

Benchi la pale kwa kinyozi lina miguu mitatu ya mti na wa nne wa tofali, na anayekaa upande wa tofali hukaa kwa adabu. Jumamosi hiyo, saa kumi alasiri, joto lilikuwa limewalegeza watu mpaka mbwa wa jirani alibweka mara moja akaona haina faida. Walikuwepo wale wale. Wembe, kinyozi mwenye kibanda, alikuwa amenyoa vichwa vitatu tangu asubuhi, na cha tatu kilikuwa chake mwenyewe. Mawimbi, fundi redio, kila redio anayoitengeneza huisikiliza mpaka mwisho wa kipindi, ndiyo maana wateja wanakosa redio na yeye anapata elimu. Mzee Faili, karani mstaafu, alitunza mafaili miaka thelathini, na siku hizi anatunza methali, ila huzitoa bila kuangalia namba. Pembeni Mama Birika aliuza kahawa yake, mjane wa maneno machache. Na upande wa tofali alikaa Soli, fundi viatu, amepakata boksi la buti kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

— Hilo boksi la nini? aliuliza Wembe. Umezika paka?

— La dawa, alijibu Soli. Kesho nawapeleka watoto mtoni.

— Wewe?

— Mimi.

— Na shemeji?

— Shemeji yenu analala.

Alilisema kwa sauti ndogo, kwa sababu lilikuwa jambo kubwa. Mke wake anafua mashuka ya nyumba ya wageni siku sita kwa wiki, na miezi minne hii, kila akirudi, alikuwa akimuuguza mama yake Soli mpaka mama akapona na kurudi kwake. Shule zilipofungwa watoto wakaanza wimbo wa mtoni, kama kila msimu wa joto. Mama yao hakugomba. Alimwambia Soli: "Wapeleke wewe. Mimi naomba kitu kimoja. Nikivua viatu Jumamosi mchana mpaka Jumatatu alfajiri, nisiulizwe swali. Hata chumvi iko wapi, nisiulizwe." Soli akaapa. Tangu waoane hajamwona yule mwanamke akilala mchana, na ile namna alivyoomba, kama anayeomba maji, ilimchoma.

Tatizo likawa dawa. Safari zote mke wake ndiye aliyebeba kikapu cha huduma ya kwanza, vitu vya asili vitupu, maana vidonge vya dukani aliviacha tangu vilipomtoa mtoto mmojawapo mapele. Mtoto yupi, Soli hakumbuki. Kikapu kiliozea stoo wakati wa ugonjwa wa mama, kwa hiyo Soli alikwenda sokoni kwa kukumbuka tu.

— Funua tukague, alisema Mawimbi.

Soli alifunua. Chupa ya asali, jani nono la shubiri, malimau mawili, chumvi kwenye karatasi, kitambaa cheupe kilichochemshwa, kipande cha tangawizi.

— Hii saladi, alisema Wembe.

— Asali ni ya kidonda. Shubiri ni ya kuungua. Chumvi ya kuoshea, nikiichemsha na maji.

— Na mtoto akijikata?

— Si nimesema kidonda?

— Kidonda na kujikata ni vitu viwili, kaka. Mimi ndiyo kazi yangu kukata watu. Wembe aliingia kibandani akatoka na jiwe jeupe. Shabu hii! Unalowesha, unapaka, damu inanyamaza. Nyuki pia. Nge pia. Hata anayekoroma, mpake puani.

— Umeshamponya nani aliyeumwa na nge?

— Hajaja bado.

Shabu ikaingia boksini. Mzee Faili alikohoa, na kikohozi chake ni kama muhuri.

— Wanangu, hapo mmesahau moto. Mtawasha moto huko?

— Tutachemsha chai, mzee.

— Basi mtoto akiungua asipakwe majani. Dawa ya moto ni moto. Unamrudisha pale pale.

— Mzee! alisema Soli.

— Kwa mbali kidogo, alikubali Mzee Faili. Na nyuki hamwendi nao hivyo. Unawapaka watoto asali mwili mzima kabla hawajashuka garini. Nyuki akinusa anajua hawa ni wa nyumbani. Damu nzito kuliko maji.

— Na siafu je?

Mzee Faili alifikiri.

— Siafu si wa idara yangu.

Soli alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshona soli kumi na nne tangu alfajiri. Alitaka tu mtu mmoja amwambie: sawa, hivyo vinatosha, nenda nyumbani. Chupa ya asali ilikuwa imeshazunguka benchi mara mbili, kila mtu akijaribu ubora wake kwa kidole, na ilikuwa imeshuka mpaka nusu. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na hawa walikuwa wachovyaji wenye uzoefu.

— Nyinyi mnaongea mambo ya kizamani, alisema Mawimbi. Sikilizeni sayansi. Damu ina nini ndani?

— Damu, alisema Wembe.

— Chuma! Nimesikia redioni kwa masikio yangu. Na chuma kinavutwa na nini? Alichomoa mfukoni sumaku ya spika, nzito, ya mviringo kama kifuniko cha sufuria ndogo. Mtoto amekatika huku mbele, wewe unaweka sumaku huku nyuma. Damu inarudi ndani yenyewe.

Hata Wembe aliipokea sumaku akaigeuza geuza. Hoja ilikuwa na uongo mwingi, lakini ulipangwa vizuri.

— Na homa? aliuliza Mzee Faili, kwa heshima mpya.

— Kitunguu kwenye soksi. Kimoja kila mguu. Kinavuta joto chini, joto linatokea vidoleni.

— Watoto wangu huko watakuwa na kandambili, alisema Soli.

— Basi waende na soksi!

Vitunguu sita vikaletwa, maana miguu ya watoto watatu ni sita. Sumaku ikaingia na kukalia limau. Boksi likagoma kufunga.

— Lazima kitu kitoke, alisema Wembe, mkono wake ukiwa tayari ndani. Tangawizi hii ya nini?

Soli alijikuna.

— Sijui. Shemeji yenu haisahau. Njiani hunimegea nikatafuna. Nadhani ananiziba mdomo nisibishane na dereva.

Benchi lilicheka mpaka tofali likasogea.

— Ana akili shemeji! Basi kesho hayupo, bishana upendavyo. Itoke.

— Labda ina kazi nyingine...

— Tangawizi ni kiungo, ndugu yangu, si dawa, alisema Mawimbi. Redioni hawajaitaja.

— Mchagua jembe si mkulima, alimalizia Mzee Faili, na hakuna aliyejua anamsema nani.

Soli aliacha. Mtu akichoka hata tangawizi haigombanii. Wembe alimrushia Mama Birika, naye aliidaka, akamtazama Soli kidogo kama anayetaka kusema neno, kisha akaiponda na kuitia kwenye birika. Duru iliyofuata ilikuwa kali na tamu. Waliisifu.

Walikuwa bado wanailamba midomoni alipofika dereva wa gari la kukodi, yule atakayewabeba kesho. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, na begani alikuwa na tambara linalonuka sabuni.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! alisema Mzee Faili.

— Sikai, mzee. Tangu saa sita naosha viti, abiria wa asubuhi wamenitendea. Fundi, nakuuliza moja tu nikalale. Kwako kuna mtu anayetapika garini?

Soli alifungua mdomo. Alimwona binti yake mkubwa, miaka kumi na miwili, akiwa garini. Lakini alimwona kisogo tu. Alimwona wa pili, wa minane, na kitinda mimba wa minne, wote upande wa mama yao, na yeye Soli mbele, karibu na dereva, akitafuna.

— Wa kwangu... wako vizuri, alisema.

— Sikuuliza hali zao.

Dereva aligeukia benchi, bila ubaya, kama mtu anayetaka msaada.

— Nyinyi wazazi wenzake, wa kwenu mlijuaje?

— Wangu hawatapiki, alisema Mawimbi haraka.

— Umewahi kupanda nao gari?

Mawimbi alianza kufuta sumaku kwa shati.

— Wangu wanakula sana, alisema Wembe. Sijui kama hiyo inahusu.

Walimtazama Mzee Faili. Alikuwa na watoto sita na wajukuu kumi na mmoja. Alitafuta methali muda mrefu.

— Hilo, alisema, lilikuwa faili la mama yao.

— Kamuulize mama yao basi, dereva alimwambia Soli.

— Mama yao haulizwi.

— Basi saa moja asubuhi nipo mlangoni. Anayetapika akae mbele.

Soli alichukua boksi lake akaenda nyumbani, nyumba ya tano kutoka hapo. Mke wake alikuwa amelala kifudifudi, mkono umening'inia, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Alikuwa amevua kiatu kimoja. Cha pili kilimshinda. Soli alisimama mlangoni, swali limejaa mdomoni. Lilikuwa swali la maneno matano, angejibu bila hata kufumbua macho na kuendelea kulala. Ndivyo alivyojibu mengine yote kwa miaka yote. Alimvua kile kiatu polepole, akarudi nyuma kwa ncha za vidole.

Uani binti yake mkubwa alikuwa anakunja nguo za wadogo zake.

— Mwanangu, alinong'ona, kati yenu nani hutapika garini?

— Kati yetu? Hakuna.

— Una hakika?

Msichana alitazama mlango wa chumbani, kisha akatazama chini.

— Ni wewe, baba. Mama alitukataza tusikwambie, eti utaona haya. Ndiyo maana anakukalisha mbele na kukupa tangawizi.

Soli aliona aibu, kisha akaona kitu kingine kizito kuliko aibu, akageuka na boksi lake akarudi kijiweni.

— Umempata? aliuliza Wembe.

— Nimempata.

— Nani?

Soli alitoa sumaku akampa mwenyewe, akatoa shabu akampa mwenyewe, akavipanga vitunguu kwenye benchi kimoja kimoja.

— Mama Birika, ile tangawizi yangu?

Mama Birika aliinamisha birika. Lilitoka tone moja.

— Mmeinywa, baba. Nilijua. Marehemu wangu naye alikuwa hivyo hivyo. Nimembebea miaka ishirini, amekufa hajui. Alilifunika birika. Kimbia, soko linafungwa saa kumi na mbili. Na ununue kipande kikubwa, kuna kwenda na kurudi.

Soli aliweka boksi kwapani akaondoka. Alikuwa amefika kwenye kona aliposikia Wembe anaita.

— Soli! Ngoja twende wote.

— Wewe unafuata nini?

Wembe alikuwa amesimama.

— Mimi mke wangu hunikalisha dirishani, alisema. Miaka yote nikajua ni heshima.

Hakuna aliyecheka.