Majibu ya Matanga kwa Jirani Mpya

TOKIE: Haloo? Nani huyo anapumua tu?

GONPEI: Mimi kakako. Tokie, nimeharibu.

TOKIE: Shikamoo kwanza, kaka. Umeharibu nini tena?

GONPEI: Marahaba. Jirani mpya kahamia, mama mmoja yuko peke yake. Kaja mlangoni sasa hivi na tambi za kuhamia, zile mgeni wa mtaa huwagawia majirani. Kainama chini kabisa, "yoroshiku onegai shimasu", eti tuishi vizuri.

TOKIE: Mstaarabu. Nawe ukamjibu—

GONPEI: "Ahsante kwa kuja. Marehemu angefurahi."

TOKIE: Kaka! Hayo ni ya matanga!

GONPEI: Sasa mwaka mzima nimejibu lipi jingine? Salamu zote alizibeba marehemu wifi yako. Mimi nilisimama nyuma yake, natikisa kichwa.

TOKIE: Na huyo mama?

GONPEI: Kanipa pole. Machozi yakamlenga, akarudi kwake.

TOKIE: [anacheka] Uwii, mbavu zangu—

GONPEI: Cheka! Kosa la mwenyekiti wa mtaa hili. Taa ya njiani imekufa, theluji haizolewi, yeye kutwa kwenye kipaza sauti: "Tusalimiane, wananchi!" Katufundisha lini?

TOKIE: Mwache mwenyekiti. Nenda kwa jirani—

GONPEI: Siendi! Ataniona mwehu. Nitapitia mlango wa nyuma mpaka nife.

TOKIE: Kisa mwanamke mmoja? Ehe... ni mzuri?

GONPEI: Mtandao unakwaruza, sikusikii.

TOKIE: Unanisikia sana! Haya, sema: "Hajimemashite." Ya watu wanaoonana mara ya kwanza.

GONPEI: Hajime... mashite.

TOKIE: Kisha "yoroshiku", kama alivyokwambia yeye. Na uiname.

GONPEI: Hajime— [kishindo] Aka!

TOKIE: Nini hicho?

GONPEI: Nimeinama, nguzo ikanipokea.

TOKIE: Unamwinamia nani kwenye simu, mzee we?

GONPEI: Shh! Hodi hiyo. Ni yeye, namwona dirishani! Tokie, kabeba ubani wa marehemu!

TOKIE: Fungua! Sema—

GONPEI: Hajimemashite! Yoro... yoroshiku... Mama ee, leo hajafa mtu. Mke wangu alifariki mwaka jana. Ni mimi tu sijui kusalimia.

TOKIE: Mama yangu! Anasemaje? [mkwaruzo] Kaka?

GONPEI: Anacheka. Kakaa chini kabisa, anacheka. Nimwambie nini?

TOKIE: "Dozo"! Karibu ndani!

GONPEI: Dozo! Dozo, mama, dozo!

TOKIE: Umefagia lakini? Na zile soksi zako—

GONPEI: Kata simu, we! Anavua viatu.