Paswedi na Programu ya Simel

Kwenye benchi la Mukonyo, muuza kahawa wa hapa Kitengela, kahawa ya tangawizi huisha kabla maneno hayajaisha. Asubuhi hiyo habari ilikuwa moja: serikali imetoa rasimu ya sera, kwamba ofisi za umma zitumie programu za wazi, zile ambazo mtu yeyote anaweza kusoma zilivyoandikwa. Basi soko la mifugo lingeiacha programu ya Wahome ya kuandikisha mifugo na alama zao, aliyoifunga kwa nywila anayoijua peke yake hata kijiwe kikambandika jina Paswedi. Lingechukua ya Simel, ambaye Wahome ndiye aliyemfundisha kushika kompyuta. Wahome, aliyekuwa hapo benchini, aliona wivu.

— Kitu ya kuachwa wazi hivyo iko na kasoro, alisema. Ingekuwa poa, angeificha.

Mutunga, ambaye huitwa Wakili kwa sababu aliwahi kutoa ushahidi kortini mara moja, alimuunga mkono.

— Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hivyo ficha.

Mukonyo, huku akimimina, alihofia kwamba wezi wataingia humo wabadilishe alama, ng'ombe alale Ngong aamke Illasit, kule mpakani. Kufikia kikombe cha tatu Mutunga alikuwa ameshasema kuna nchi jirani itatuhesabia mbuzi wetu bila kuvuka mpaka, kisha ituuzie maziwa yao. Wahome hakukanusha hata moja. Uongo ule ulimpoza moyo kidogo.

— Simel ni mtoto wangu kwa hii kazi, alisema. Lakini hiyo code yake ni takataka.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mgeni, Resian, muuza mbuzi aliyekuwa akingoja gari la kwenda sokoni. Aliweka kikombe chini.

— Samahani, baba. Si mmesema iko wazi, kila mtu asome?

— Eeh, alijibu Wahome.

— Sasa ni nani hapa ameisoma?

Mutunga alichungulia kikombe chake kitupu. Mukonyo alipangusa birika lililokwisha kupanguswa. Wahome alitazama viatu vyake. Alikuwa ameisoma, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, mara mbili, akitafuta kosa moja tu la kuja nalo benchini. Hakulipata. Yeye mwenyewe hajawahi kuandika kitu safi namna ile, na alilijua hilo.

— Bado, akasema.